Habari ya Ubao Laini

Queensbury, London
Jumapili, baada ya alasiri

Kwako Dada yangu Mwanasiti,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta umeketi, umeshakunywa chai yako, na yale magoti yamekupa nafasi kidogo. Shemeji hajambo? Shangazi Mwanajuma bado anagombana na jirani kwa sababu ya kuku, au mmoja wao amekubali yaishe? Na Salha wako, mwanangu pia, nasikia kutwa yuko mbele ya kioo anajaribu makoti, na joto lote hilo la Mombasa. Nawasalimu nyote, kila mtu kwa jina lake, hata yule kijana wa nyumba ya pili aliyevunja dirisha letu akakimbia. Mimi huku ni mzima.

Utashangaa kuona karatasi na simu ipo. Lakini simu yetu, Dada, ni baraza. Ukipokea tu unaitia sauti kubwa, Shangazi anavuta kiti, Shemeji anazima redio, na mimi nabaki kujibu salamu za mtaa mzima mpaka mtu aseme haya basi, tutazungumza. Bado hatujazungumza. Kwa hivyo barua hii nimempa Wambui, muuguzi jirani yangu hapa, anayekuja Mombasa kwenye harusi ya mdogo wake. Nimemuapisha aitie mkononi mwako wewe, si mwingine. Isome peke yako, mlango umefungwa, na uisome kabla Salha hajapeleka ile barua ya kuacha chuo cha ualimu. Hilo la Salha ndilo linaloninyima usingizi, na ndilo lililonikalisha hapa na kalamu.

Bwana Tushar unamjua kwa jina na kwa picha, lakini hujamjua. Kazaliwa Makadara, akaondoka na wazazi wake angali mtoto, na Kiswahili chake kimebaki pale pale kilipokuwa siku aliyopanda ndege. Anatumia maneno ambayo hata Shangazi ameyaacha. Kule Rayners Lane, karibu na stesheni, kati ya duka la sari na duka la mithai, amefungua duka la vitu vya theluji: makoti, miwani mikubwa kama ya mchomelea vyuma, viatu vizito, na zile mbao ambazo mtu anasimama juu yake akateremka mlima. Najua Shemeji alicheka aliposikia. Mhindi wa Mombasa anawauzia Waingereza baridi! Nami, binti wa mtaa wa Kuze, kazi yangu ni kupiga magoti na kuwavalisha watu viatu hivyo, na nikuambie, mguu wa tajiri na wa maskini ukitoka kwenye soksi harufu yake ni moja.

Tangu mwanzo alisema hataki muuzaji asiyejua anachokiuza. Basi kila wiki, Alhamisi asubuhi, ananitia garini tunakwenda nje ya mji kwenye ukumbi wa theluji. Ni jumba kubwa mfano wa ghala la bandarini, nje watu wamevaa fulana, ndani theluji imetandazwa toka juu hadi chini na mashine zinanguruma kuilinda isiyeyuke. Mwaka wa kwanza nilianguka mpaka nikazoea. Sasa nateremka vizuri, na upande wa kushoto kuna sehemu ya michezo, wenyewe wanaiita paki, yenye masanduku ya kuteleza juu yake, vyuma kama vya ngazi, na vilima vya kurukia. Huko ndiko nimeanza anza. Sanduku nalipita, chuma cha chini nakipita kwa bismillahi, kuruka naruka nikilazimishwa.

Sasa Bwana Tushar, baada ya kuuza mbao za wengine miaka yote hiyo, amejitengenezea ubao wake mwenyewe, umeandikwa jina la duka. Aliuagiza uwe laini, wa kumsamehe mtu makosa, kwa ajili ya watu kama mimi hasa, wanaojua kuteremka lakini ndio kwanza wanaingia paki. Ulipofika aliupakata kama mjukuu. Akasema Ghalia ndiye atakayeupima, kwa sababu bingwa hawezi kuona anachokiona mwanafunzi. Mpwa wake Alka, aliyezaliwa hapa, akachukua kamera. Alka anasikia Kiswahili chote, lakini ukimsemesha anakujibu Kiingereza, na tumezoeana hivyo.

Nikaupima kwa haki, Dada. Kila nilichofanya na ubao laini nilikirudia na ule mgumu wa zamani, nisije nikausingizia. Na laini ni mtamu, usione! Ule mgumu kuugeuza lazima uubishie kwa nyonga nzima, huu ukiukanyaga kidogo tu umeshakwenda. Kingo zake wameziinua pembeni zisikamate theluji, maana kule kukamata ndiko kunakowapiga wanafunzi uso chini. Juu ya sanduku niliegemea mkia, ile ncha ya nyuma, nikainua pua ya mbele, ubao ukajikunja kama mkeka na ukanisubiri. Nilitua upande, ukasamehe. Nilisahau mguu wa nyuma, ukasamehe. Nilicheka peke yangu mle ndani, nami huku sicheki sana.

Shida ilianza kwenye kilima cha kurukia. Si kile kidogo, ni kile cha pili, ambacho kwenye picha ya tangazo kuna mtu yuko hewani juu yake. Ukienda kasi ubao unatetemeka chini ya miguu. Ukitua umeegemea nyuma kidogo, na kila anayejifunza hutua hivyo, mkia hauna nguvu ya kukubeba. Unakunjika, halafu unakutupa. Mara ya kwanza nikadhani ni mimi. Nikarudi na ubao mgumu nikafanya kosa lile lile kusudi, nikayumba, nikasimama. Nikarudi na laini, nikaangukia bega na nyonga, nikalala pale natazama dari na mabomba yake. Nilipoinuka hukumu yangu ilikuwa tayari. Ubao mzuri kwa masanduku, kwa vyuma vya chini na kwa mruko mdogo. Kwenye mruko mkubwa usipelekwe, na ile picha iondolewe.

Basi nikateremka nikichechemea. Bwana Tushar alikuwa amesimama chini na kikombe chake cha chai, Alka kando yake na kamera. Akaniuliza kwa sauti, kwa Kiswahili chake kile cha zamani, habari ya ubao. Nami nikajibu, "Nzuri sana, Bwana Tushar."

Wewe ungejibuje? Unakumbuka siku aliyofariki Babu. Mzee Famau alitoka hospitali moja kwa moja akaja nyumbani, Mama akamuuliza habari za huko, akasema nzuri. Akapewa kiti akakaa. Akapewa maji akanywa. Kisha ndipo akasema, ila Babu ametutangulia. Hakuna aliyemwita mwongo. Ndivyo tulivyolelewa, mtu hatupiwi habari usoni kama maji machafu. Unaanza na nzuri, mwenzio anangoja, halafu unasema kilichokuleta. Nami nikavuta pumzi niseme, ila. Nilipoinua uso Bwana Tushar alishageuka, anakwenda zake mkahawani. Ila yangu yote, tangu kutetemeka mpaka picha, nikamwambia Alka na kamera yake.

Mlichokiona nyinyi kwenye simu ya Salha, video ilipotiwa mtandaoni, ni mimi nateremka, nacheka juu ya sanduku, nasema nzuri sana, na muziki juu yake. Basi. Ulinipigia ukicheka mpaka ukakohoa. Ukasema Kuze nzima imeona, mdogo wangu amekuwa mtu wa televisheni. Watu hapa nao wakalipenda lile neno, wanaingia dukani wananiambia nzuri sana kwa lafudhi zao, na mbao zikawa zinatoka. Bwana Tushar alifurahi mno. Akasema atanihuishia kibali changu cha kazi kabla ya wakati, na kwa kuwa mimi nina bahati, ataniletea na mwenzangu kutoka nyumbani. Akaniuliza, nina mpwa, si ndiyo? Ndivyo jina la Salha lilivyoingia, na wewe uliposikia hukulala kwa furaha.

Lazima nikueleze kibali hicho. Kimefungwa na duka lake. Nikitoka dukani, nimetoka nchini. Na nyumba ninayokaa ni yake, chumba cha juu, karibu na tangi la maji. Asubuhi naingia garini mwake, jioni narudi garini mwake, usiku nakula mezani kwake. Mke wake Dipti ananipikia kama mgeni mpaka leo, na nikitaka kuosha sahani ananinyang'anya. Nikivunja kitu dukani Bwana Tushar anasema si neno. Nikichelewa, si neno. Siku moja nilitamani kwenda Edgware Road, nikae kwenye mikahawa ya Waarabu, ninywe kahawa chungu, pengine nimsikie Mzanzibari au Mmanga anaongea Kiswahili. Nikaomba ruhusa. Wakasema msichana peke yake, kwa nini, na Dipti akavaa sari nzuri akanisindikiza. Tulikaa sisi wawili tunatazamana, yeye hanywi kahawa, na mimi kahawa ikanipoa mkononi. Tulirudi mapema.

Hakuna anayenifungia mlango, Dada. Ufunguo ninao. Nikitoka kwenda hata dukani kwa maziwa, nikirudi nakuta mtu dirishani, anatabasamu, alikuwa na wasiwasi. Utamgombeza nani?

Sasa sikiliza lililotokea. Juma lililopita aliingia dukani mteja wetu, Parminder, mwalimu wa shule ya watoto wadogo, mcheshi, jirani yetu hapa Queensbury. Mkono umefungwa kifuani kwa kitambaa. Amevunjika mtulinga, ule mfupa wa begani. Alinunua ubao laini kwa sababu ya video yangu, akaenda nao ukumbini, akaruka kile kilima cha kwenye picha. Nilidhani amekuja kudai. Hakuja kudai. Alikuja kuniuliza amekosea wapi, maana mimi niliwezaje na yeye ameshindwa. Alisema pengine umri umempita, pengine aache. Bwana Tushar alikuwa nyuma ya meza, akaanza kumfariji, akamwambia ndivyo michezo ilivyo, kila mtu huanguka, si neno.

Lile si neno ndilo lililonichoma. Mwanamke amevunjika mfupa, anajilaumu mwenyewe, na neno langu ndilo lililompeleka pale. Nikasikia mdomo wangu unasema, mbele ya bosi na wateja wote, "Si wewe, Parminder. Ni ubao. Mimi pia uliniangusha."

Bwana Tushar akamwomba radhi Parminder, akamwahidi kuupokea ubao, akamsindikiza mpaka mlangoni. Kisha akaniita stoo. Nilidhani nafukuzwa, na wallahi moyo wangu ulikuwa mwepesi. Nikamwambia kwamba siku ile sikuwa nimemaliza, kwamba baada ya nzuri ilikuwapo ila, na yeye ameishi huku muda mrefu amesahau kungoja. Nilikuwa natafuta njia ya kumstahi. Akakaa juu ya sanduku la viatu, akavua miwani akaifuta.

"Ghalia, mimi mtoto wa Makadara," akasema. "Nilijua kuna ila. Ndiyo maana niliondoka upesi."

Akaendelea polepole, bila hasira. Mbao zilikuwa zimeshafika, zimejaa stoo, na kama angeisikia ila yangu angelazimika kuifanyia kazi. Kwa hiyo alichukua nzuri akaenda nayo, akamwambia Alka aikate video hapo. Akasema yamepita. Akanisamehe kwa kumwaibisha mbele ya mteja, mimi, ananisamehe! Akasema Jumatatu atapeleka maombi ya kibali changu na ya Salha pamoja, tuanze upya. Kisha akaninyooshea chai.

Niliitazama ile chai. Nikaona maisha yangu yote yaliyobaki yamo mle kikombeni, na sukari tayari imetiwa. Nikamwambia asipeleke. Wala changu, wala cha mtoto. Aliumia, Dada, sikufichi, uso ulimshuka kama mtu aliyepigwa. Akaniuliza amenikosea nini. Nikabaki kulia kama mjinga katikati ya masanduku ya viatu, naye akabaki ananitafutia leso.

Asubuhi yake tulikuwa mezani. Alka akaja akaweka simu yake mbele yangu. Ameirudisha video mtandaoni, nzima, na kule kuchechemea kwangu, na ila yangu mpaka neno la mwisho, na tafsiri chini yake. Akanitazama akasema, kwa Kiswahili, mara ya kwanza tangu nimjue, "Nimeweka yote." Dipti akaacha kukaanga. Bwana Tushar aliitazama mpaka mwisho akiwa amesimama. Tulipofika dukani akapanda kiti mwenyewe akaibandua ile picha ya mtu hewani. Mbao bado tunaziuza, kwa watu wa masanduku na mruko mdogo, na mimi ndiye ninayemwambia kila mteja mipaka yake. Kibali changu kinakwisha mwisho wa Agosti, nami narudi nyumbani. Mpaka hapo garini tumo pamoja, mezani tumo pamoja, ila hakuna anayejua aseme nini.

Dada, yote hayo niliyoandika ni nzuri. Sasa nakuja kwenye ila yangu.

Mimi huku si mzima. Si tangu juzi, ni tangu baridi ya kwanza. Sijapigwa, sijatukanwa, sijalala na njaa, na hilo ndilo linalonimaliza, kwa sababu sina cha kushitaki. Nalala na koti wakati chumba kina joto. Dukani kuna chumba cha kujaribia nguo, naingia nafunga pazia, nakaa humo mpaka naitwa. Kila mtu ananitendea wema na mimi nazama. Nikiwazia Salha amekaa kiti cha nyuma cha gari ile, na ucheko wake ule, anaitikia si neno, si neno, natamani kupiga kelele. Mwache amalize chuo. Akitaka London baadaye, aje kwa miguu yake na kibali chake, asije kwa ajili ya video yangu.

Na lipo jingine, hili ni lako peke yako. Siku ya Idi uliponipigia, ukaniuliza habari, nilikuambia nzuri, ila. Nililisema. Nililisikia likitoka. Nawe ukasema haya, huyu hapa Shangazi anataka kukusalimia, simu ikapita. Nilidhani hukusikia. Nikajiambia ni kelele za watoto, ni sufuria jikoni. Lakini tangu ile siku ya stoo sina raha, kila nikifumba macho nauona mkono wako unaipitisha ile simu. Bwana Tushar alijua, akaondoka upesi. Na wewe, Dada, ulijua?

Sikuulizi kwa hasira. Hasira ninayo kidogo, nisikudanganye. Najua jina langu limekupa heshima hapo mtaani, najua wanakuita mama wa London, na kuniambia rudi ilikuwa ni kuvunja kitu kizuri ambacho hukupata vingi mfano wake. Mimi pia nilikipenda. Nilisema nzuri kwa sababu nilipenda unavyoisikia.

Wasalimie wote kama nilivyowasalimia mwanzo. Mwambie Shangazi kuku si kitu cha kugombea na jirani, na Shemeji mwambie nitamletea soksi nzito azicheke. Salha mbusu, umwambie yale makoti anayoyajaribu ayarudishe kwa mwenyewe. Mje uwanja wa ndege mkitaka, na watu wote, na maua, sina neno. Mbele yao niulize habari za London nami nitakujibu nzuri, kama ada. Kisha tukifika nyumbani, Dada, wakishaondoka wote, funga mlango, ukae, uningoje.

Mdogo wako,
Ghalia